Kuweka Vigeu vya Mazingira Ndani ya Vim Bila Kuifunga

Watazamaji wapendwa, karibuni. Ninarekodi video hii nikiwa Shangani, Mtwara mjini, na mbele yangu nimefungua Vim, kihariri cha matini, kwenye seva iliyoko nje ya nchi, ambako ninaandika skripti ya kuchapa saa ya mapokezi katika stakabadhi za ghala la korosho. Mafaili saba yako wazi na baadhi sijayahifadhi, kwa hiyo sitaki kutoka kwenye kihariri kwa sababu ya kigeu kimoja cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambayo programu huisoma ili kujua ifanye kazi vipi. Wala hakuna haja ya kutoka.

Kwanza tulione tatizo lenyewe. Bonyeza Esc, andika amri hii, kisha bonyeza Enter:

:!date

Alama ya mshangao huifanya Vim iite sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri za mfumo, na kuikabidhi maneno yanayofuata. Tazameni jibu: 07:12, na pembeni yake UTC, yaani saa ya kimataifa, ilhali hapa Mtwara ni saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, yaani 10:12. Stakabadhi inayosema kwamba mzigo ulipimwa saa moja asubuhi, wakati ghala lilikuwa bado limefungwa, itazua ubishi na mkulima, naye atakuwa na haki ya kubisha.

Tutarekebisha kwa kigeu TZ, kinachoziambia programu zitumie saa za eneo gani. Sasa andika:

:let $TZ = 'Africa/Dar_es_Salaam'

Iangalieni kwa makini alama ya dola iliyoshikana na TZ. Ukiisahau, utakuwa umeunda kigeu cha ndani cha Vim ambacho programu nyingine hazikioni, na Vim haitakuonya. Ukisahau alama za kunukuu, hapo angalau utapata kosa E121, kwa kuwa Vim itadhani Africa ni jina la kigeu na kukitafuta isikione. Hakiki kwa :echo $TZ, kisha rudia :!date. Sasa tunasoma 10:14 EAT, yaani saa za Afrika Mashariki.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana wengi hukwama. Kila programu ina nakala yake ya mazingira, na inapoanzisha programu nyingine huirithisha nakala hiyo. Urithi huu hushuka tu, haupandi. Ndiyo maana :!export TZ=Africa/Dar_es_Salaam haisaidii kitu: sheli inazaliwa, inajiwekea kigeu, inakufa nacho, na Vim iliyoizaa inabaki kama ilivyokuwa. Vivyo hivyo, ukitoka Vim utaikuta sheli uliyoanzia haijabadilika. Na kama ulifungua dirisha la :terminal, yaani sheli inayoendeshwa ndani ya Vim, kabla ya kuweka kigeu, dirisha hilo lilikwisha kuchukua urithi wake wa zamani; lifunge, ulifungue upya.

Kwa PATH, kigeu chenye orodha ya folda ambamo programu hutafutwa, usifute kilichopo, ongeza mbele yake:

:let $PATH = $HOME . '/bin:' . $PATH

Nukta huunganisha matini, na alama ya nukta mbili (:) hutenganisha folda katika Linux. Nimetumia $HOME, yaani folda yako ya nyumbani, badala ya alama ya wimbi (~) kwa sababu wimbi likiwa ndani ya alama za kunukuu hubaki wimbi, na programu itatafuta folda yenye jina hilo.

Kukiondoa kigeu, andika :unlet $TZ, amri inayokubaliwa na Vim 8.1 ya mwaka 2018 na matoleo yaliyofuata. Kukipa kigeu matini tupu si sawa na kukiondoa, kwani bado kipo na programu zitakisoma. Ukitaka kidumu, andika mstari ule wa let katika faili ~/.vimrc, ambalo Vim hulisoma kila inapoanza, bila nukta mbili za mwanzo.

Nywila ya hifadhidata, hata hivyo, nawasihi msiiweke humo, wala msiichape wazi kwenye mstari wa amri, kwa sababu Vim huweza kuhifadhi historia ya amri katika ~/.viminfo, na anayelisoma faili hilo ataiona. Tumieni hivi:

:let $NYWILA = inputsecret('Nywila: ')

Nabonyeza Enter, Vim inaniuliza, nami nachapa. Kwenye skrini mnaona nyota tu, na nikifungua historia kwa q: naiona amri niliyoandika, lakini nywila yenyewe haimo.