Nafasi kwenye Diski ya Laptopu: Pima, Nakili, Ndipo Ufute

Mhadhara uliotolewa jijini Nairobi mbele ya wenye biashara ndogo, wahudumu wa saiba na wanafunzi

Mabibi na mabwana, wazee wetu mliotangulia kufika, nanyi vijana mliokuja na mashine zenu mgongoni, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko huu. Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua wengi humu ukumbini, nalo ni diski ya laptopu inayojaa upesi hata mwenyewe asijue imejazwa na nini. Ninaloliamini nitalitaja mapema: kupata nafasi ni kazi ya kupima na kunakili kabla haijawa kazi ya kufuta, na anayeanza kwa kufuta hupoteza asichoweza kukirudisha, huku mzigo wenyewe ukibaki palepale.

Laptopu nyingi tunazonunua katikati ya jiji, kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli, ni zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, na nyingi huja na diski ya SSD, yaani ya chipu isiyo na kinachozunguka ndani, ya gigabaiti 128 au 256. Mnunuzi akiiwasha nyumbani huona 119 au 238, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824 na bado huita matokeo yake gigabaiti. Juu ya hayo, Windows yenyewe inaweza kujitengea takriban gigabaiti 7 kwa ajili ya masasisho yake. Kwa hiyo mwenye diski ya 128 huanza safari akiwa na nafasi finyu, na hana budi kujua kila gigabaiti imekwenda wapi.

Namna ya kujua ipo ndani ya mashine, wala haihitaji kununuliwa. Ukiingia Settings, kisha System, kisha Storage, Windows itakuonyesha ukubwa wa kila fungu: programu, video, picha, nyaraka, faili za muda (Temporary files). Subiri hesabu ikamilike kabla hujagusa chochote. Mara nyingi utakuta mzigo uko katika sehemu mbili au tatu tu, na zile barua fupifupi ambazo watu hushinda wakizifuta, elfu nzima kwa pamoja, hazifikii uzito wa filamu moja. Ziacheni barua hizo, tafuteni video.

Tumtazame mpiga picha za harusi, kwa maana wapo kadhaa hapa. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde huandika, kwa kuwa biti nane ni baiti moja, megabaiti 750 kila dakika, yaani gigabaiti 45 kwa saa moja. Harusi ya saa nne, kuanzia kanisani hadi kukata keki, ni gigabaiti 180. Akiimwaga kwenye laptopu ya 256 ambayo tayari ina mfumo na programu za kuhariri, hakuna kusafisha kutakakomwokoa, kwa kuwa tatizo lake si uchafu bali ni mahali pa kuweka kazi. Huyu anahitaji diski ya nje, tena mbili, na nitalieleza hilo hivi punde.

Wengine mzigo wenu uko kwenye folda ya Downloads. Ipangeni kwa ukubwa kwanza, kisha kwa jina, nanyi mtaona fomu ileile ya zabuni mara tatu: moja ikiwa na jina lake kamili, ya pili ikiwa na (1) mwishoni, ya tatu ikiwa na (2), kwa sababu kila mara mwenyewe alipokosa kuiona aliipakua upya. Mtaona pia faili za kusakinishia programu ambazo zilikwisha kusakinishwa zamani; hizo zinaweza kwenda, kwani hupatikana tena. Hata hivyo, msiifute folda nzima kwa mkupuo mmoja, maana humo humo zimo taarifa za M-PESA na stakabadhi za iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, mlizopakua na kuzisahau. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mlipa ushuru atunze rekodi zake kwa miaka 5, na ofisa anayekagua hatapokea jibu kwamba diski ilikuwa imejaa.

Kwa ndugu zetu wa saiba, mambo ni kinyume. Vitambulisho vya wateja mlivyoviskani, vyeti vyao vya kuzaliwa, fomu zao za mikopo, vyote hivyo vimelala kwenye kompyuta zenu bila sababu ya kuendelea kuwapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu data ya mtu iwekwe kwa muda unaozidi haja iliyoifanya ikusanywe. Mteja akishaondoka na karatasi yake, kufuta nakala ni wajibu wenu kwake, na ninawasihi mlifanye hilo kila jioni kabla ya kufunga.

Yale ya mfumo nitayapitia haraka. Waliohama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, hasa baada ya msaada wa Windows 10 kusitishwa tarehe 14 Oktoba 2025, huenda wakaikuta folda iitwayo Windows.old, ambayo ni mfumo wa zamani uliohifadhiwa ili mtu aweze kurudi nyuma ndani ya siku 10. Inaweza kuchukua gigabaiti nyingi, na huondolewa salama kupitia sehemu ya Temporary files, maadamu umeridhika na mfumo mpya na umehakikisha kuwa faili zako zote zipo. Ipo pia hiberfil.sys, inayohifadhi hali ya kazi yako unapoizima mashine kwa mtindo wa hibernate; kwa kawaida hufikia asilimia 40 ya ukubwa wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine inapofanya kazi, hivyo mwenye RAM ya gigabaiti 8 huipatia zaidi ya gigabaiti 3. Amri ya powercfg /hibernate off huiondoa. Mimi siwashauri muiondoe ikiwa mnakaa mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara, kwa sababu betri inapokaribia kuisha, faili hiyo ndiyo inayookoa kazi ambayo hujaihifadhi. Folda ya WinSxS, yenye vipande vya Windows yenyewe, msiiguse kwa mkono hata kidogo. Na zile programu zinazotangaza kwamba zitasafisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, na kuipa kompyuta yako maisha mapya, ziacheni. Rejista haina uzito wa kukupa nafasi, na ikiharibika mfumo unaweza kukataa kuwaka.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika diski za zamani, zile zinazozunguka, faili iliyofutwa hubaki mahali pake mpaka iandikwe juu yake kitu kingine, na fundi mzoefu aliweza kuitoa. Kwenye SSD, Windows hutuma amri ya TRIM inayoiambia diski kwamba sehemu ile haihitajiki tena, na diski huifyeka yenyewe, wakati mwingine ndani ya muda mfupi sana. Pipa la taka likishamwagwa, mara nyingi hata fundi hodari hawezi kukusaidia. Ndiyo maana nasisitiza nakala itangulie. Usikate faili na kuibandika kwenye diski ya nje. Inakili, ifungue kutoka huko, tazama video mwanzo na mwisho, ndipo uifute kwenye laptopu. Tena, kazi ikishaondoka kwenye laptopu na kubaki kwenye diski moja tu ya nje, bado una nakala moja, na diski hiyo ikianguka sakafuni umeishiwa. Kwa hiyo nilisema mbili.

Tena mjihadhari na mnachonunua. Mijini huuzwa flashi zilizoandikwa terabaiti 2 kwa shilingi mia chache, ambazo chipu yake imepangwa iidanganye kompyuta kuhusu ukubwa, ilhali ndani mna gigabaiti 32 au 64. Zikijaa, huendelea kupokea faili kana kwamba zote zinaingia. Majina huonekana, lakini picha hazifunguki. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi kwa data ya majaribio kisha huisoma yote upya na kukuambia ukweli wake. Huchukua saa kadhaa. Vumilieni saa hizo kabla hamjaweka humo picha za mzazi aliyefariki. Na flashi ikikataa video inayozidi gigabaiti 4, huenda si mbovu; tazama kama imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa faili usiopokea faili kubwa kuliko hiyo, uifomati kwa exFAT ingali tupu.

Hifadhi za mtandaoni zinafaa, ila zina mipaka yake. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha, na kupandisha gigabaiti 100 kwa bando la simu ni gharama isiyo na maana. Vilevile, folda iliyounganishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, si mahali pa kufutia ovyo: ukifuta faili kwenye laptopu, inafutika na kule juu pia. Unachotaka ni kuibofya kulia na kuchagua Free up space, ambayo huiondoa kwenye diski na kuiacha mtandaoni.

Mimi huacha asilimia 15 hadi 20 ya diski ikiwa tupu, kwa kuwa SSD iliyobanwa huandika polepole na masasisho ya Windows hukwama. Sasa naomba kila aliye na laptopu aifungue na aende Storage. Ambao video ndizo zinazoongoza wasogee huku mbele, kwenye meza yenye diski za nje. Ambao wameona Temporary files juu kabisa wabaki walipo, nitapita kwao mmoja mmoja, na mtu asibonyeze Remove kabla hatujasoma pamoja kilichowekewa alama.