Vitabu Vingapi? Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Dodoma

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, mambo? Hiyo "poa" imetoka viti vya nyuma tu. Wa mbele mnawaogopa walimu. Haya.

Nimeombwa nizungumzie changamoto za kusoma, zile ambazo mtu anajiwekea kila Januari: mwaka huu nasoma vitabu ishirini, mwingine hamsini. Niseme mapema kwamba hesabu hiyo siipendi. Anayehesabu huanza kuchagua vitabu vyembamba. Novemba ikimkuta ana deni, atasoma hata kijitabu cha maelekezo ya friji ilimradi idadi itimie. Ukimuuliza kitabu cha tatu kilihusu nini, anakupa maneno ya jalada la nyuma.

Mimi napenda changamoto inayokupeleka mahali ambapo kwa hiari yako usingekwenda. Kwa hiyo najipa masharti badala ya idadi. Kitabu kimoja kiwe kimetoka kabla mama yangu hajazaliwa. Kingine kiwe cha mtu wa huku kwetu. Kiwepo cha tafsiri. Tamthiliya isisomwe kimyakimya. Na lipo sharti gumu kuliko yote: kitabu ambacho wengi hukijibia mtihani kwa notisi, kisomwe chenyewe, kuanzia ukurasa wa kwanza. Msicheke, nawajua.

Notisi mnazijua: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi. Halafu swali linakuja, "kwa kutumia hoja tatu kutoka kila kitabu." Kwa mtihani zinasaidia, sizilaumu. Shida ni kwamba unatoka nazo ukiwa na maoni ya mtu mwingine kichwani, na humjui hata ni nani.

Chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951. Hiyo inanitimizia masharti mawili kwa mpigo. Notisi zitakwambia inapinga utawala dhalimu, basi. Fungua kitabu chenyewe. Karama ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha mambo ya sheria katika nchi inayoelea angani, na mshitaki wake ni waziri, Majivuno. Akipewa nafasi ya kujitetea, hajisemei yeye. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyohiyo, mmoja mashariki, mwingine kaskazini, hadi mbinguni na ardhini. Kila mmoja anataabika, anarudi na jambo la manufaa, na malipo yake ni kifungo.

Rafiki yangu mmoja alikiacha kitabu kwa mjumbe wa tatu. "Hadithi ni ileile!" Kweli, ni ileile, na mimi nasema uzuri wake uko hapohapo. Karama yuko mahakamani. Angeleta habari ya mjumbe mmoja, waziri angemwita mwongo. Angeleta mbili, wangesema ni bahati mbaya. Zikifika sita, aliyesimama kizimbani si Karama tena, ni Kusadikika yenyewe. Yale marudio ndiyo utetezi. Hata hivyo sitamtetea Shaaban Robert kwa kila kitu. Watu wake wamebandikwa tabia zao kama majina, na Majivuno anakuwa majivuno matupu kila anapofungua mdomo. Mimi nampenda mhusika anayenishtua.

Sharti la mtu wa kwetu lilinipeleka kwa Mathias Mnyampala. Walimu wanamtaja kwenye ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, lakini wangapi hapa mnajua kwamba alikuwa Mgogo, mzaliwa wa 1917? Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Si kitabu cha kusomea kitandani. Kuna mahali majina ya koo na watemi yanafuatana kama mabehewa ya treni ya mizigo, na wewe umesimama kwenye kivuko unasubiri yaishe. Nilinakili kipande kwenye daftari nikampelekea bibi yangu Chamwino. Alinisikiliza huku anapepeta uwele. Akanisahihisha namna ya kutamka jina moja, akaendelea kupepeta. La pili, hivyohivyo. Nilipomaliza akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu, huyo aliyeandika ni wa ukoo gani?"

Bibi hajawahi kukaa darasa la fasihi. Swali lake hilo sijalikuta kwenye notisi yoyote, na tangu siku hiyo sisomi kitabu cha historia bila kuliuliza.

Nilikwenda nalo hadi kwenye Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel 2021. Kwa Kiingereza riwaya hiyo ilitoka 1994. Wasomaji wa Kiswahili tukangoja mpaka 2022, ilipotoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, kijana mdogo, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na baadaye anajikuta kwenye msafara wa biashara kwenda bara. Bara inavyoonekana na watu wa msafara ni nchi ya hatari, ya washenzi, ya wakubwa wasioshiba kudai zawadi. Sasa, wadogo zangu, bara ndiyo sisi! Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, na wasafiri wa karne ya 19 waliwalalamikia sana watemi wa huku kwa kuwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Lakini nchi hii ni kavu, mnaijua. Msafara wa mamia ya watu ukishuka kwenye kisima chako mwezi wa Septemba, ukanywa, ukachota na kuondoka, ng'ombe wako watakunywa nini? Kwa hiyo nilisoma kurasa za msafara nikiwaonea huruma wapagazi, na huku niko upande wa wenye maji. Msomaji wa Unguja hana sababu ya kusoma hivyo. Yeye atakuwa na yake, na ningependa kumsikia.

Tamthiliya nitaipitia haraka kwa sababu naona mwalimu anatazama saa. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969. Tuligawana sehemu hosteli, tukasoma kwa sauti. Mwishoni Kinjeketile, aliyewapa wapiganaji wa Vita vya Maji Maji maji ya kuwakinga na risasi, anatakiwa aseme kwamba maji hayo yalikuwa uongo, naye anakataa. Msichana aliyekuwa anamsoma akafunika kitabu. "Mimi ningesema." Ukazuka ubishi mpaka chumba cha jirani wakatugongea ukuta.

Kuna aliyeniuliza pale nje: kitabu kikinishinda, nikiache? Kiache. Hukukisainia mkataba. Ila ukija kuniambia kibaya, uniambie kilikushinda ukurasa gani na kwa nini. "Kinachosha" haitoshi, na "kizuri sana" nayo haitoshi, tena hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi maana hakuna anayeihoji. Na kama huna hela ya kununua, maktaba ya mkoa ipo hapa mjini.

Sasa maswali. Naona dada mmoja mkono umekaa juu tangu kwa Karama. Simama mdogo wangu, na huo ukurasa uusome kwa sauti.