Umbali kati ya mkono na risasi

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Mjadala wa silaha kwa kawaida huanzia kwa jambazi. Mimi nitaanzia kwenye kabati, kwa sababu huko ndiko bunduki nyingi ziliko. Makadirio ya mwaka 2017 yaliweka idadi ya silaha ndogo za moto duniani kuwa zaidi ya bilioni moja, na kama 85 katika kila 100 zilikuwa za raia. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni vya watu waliojiua. Habari za jioni hazituonyeshi hao.

Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takriban mara 9 kati ya 10. Ila wengi wa wanaonusurika jaribio, kwa njia yoyote ile, hawafi kwa kujiua baadaye. Wimbi hupita. Jeshi la Israel lilipowapunguzia askari vijana ruhusa ya kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki, mwaka 2006, kujiua kwa askari wa miaka 18 hadi 21 kulipungua kwa takriban asilimia 40, na tofauti ilionekana hasa siku hizohizo za mapumziko. Silaha haikubadilika. Kilichoongezeka ni umbali.

Sasa, huo umbali unajengwaje nyumbani? Kwanza mtutu uelekee upande usio na mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio. Toa magazini, yaani kisanduku cha risasi. Kisha vuta hadi mwisho slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma) au bolti (kifungio cha bunduki ndefu), itazame chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, halafu ipapase kwa kidole, maana gizani macho hudanganya. Msigeuze mpangilio huu. Ukivuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja itaruka nje na nyingine itaingia chemba slaidi inaporudi. Ukitoa magazini baada ya hapo, umeshika bastola unayoamini ni tupu. Bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Ile kauli ya "nilidhani haina risasi" huzaliwa hapo.

Silaha iende kwenye kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, kwani kasha dogo lisilofungwa popote mwizi hulibeba zima. Risasi zikae kwenye kasha lake, na ufunguo wake. Kufuli ya kifyatulio isivalishwe kamwe silaha yenye risasi: kuivalisha au kuivua kunaweza kukibonyeza hichohicho unachotaka kukizuia. Na juu ya kabati la nguo si maficho. Mtoto wa miaka sita amekwisha kupanda huko akitafuta peremende. Namba ya siri nayo isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani.

Mwenye silaha anapofiwa, anapoachika, anapofilisika au anapozama kwenye pombe, kufuli anayoijua mwenyewe haimsaidii. Silaha itoke nyumbani kwa muda, kwa njia inayoruhusiwa na sheria ya mahali, au ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halipandi wazo hilo kichwani mwake.

Kwenye sera, Australia hutajwa kwa kununua silaha takriban 650,000 kutoka kwa raia baada ya mauaji ya Port Arthur ya tarehe 28 Aprili 1996, yaliyoua watu 35. Binafsi naona vifungu vinavyochosha kusoma ndivyo vyenye nguvu zaidi: kibali kwa kila silaha, kungoja siku 28, sababu halisi ya kumiliki (kujilinda haikubaliki), masharti ya uhifadhi. Ununuzi ule ulikuwa wa muda tu. Kibali hufanya kazi kila Jumatatu asubuhi. Jimbo la Missouri nchini Marekani lilifuta kibali cha kununua bastola mwaka 2007, na watafiti wakaona mauaji ya bunduki yakiongezeka. Ni rahisi kuelewa kwa nini. Mtu mwenye rekodi safi anayemnunulia mhalifu hapendi kusimama mbele ya ofisa na kutaja jina lake mwenyewe.

New Zealand ilijifunza upande mwingine wa jambo hili. Baada ya watu 51 kuuawa kwa risasi mjini Christchurch mwaka 2019, serikali ilianza kununua silaha ilizopiga marufuku bila kujua zilikuwa ngapi, kwa kuwa leseni ilikuwa ya mtu na bunduki nyingi hazikusajiliwa mojamoja. Daftari la silaha lilifunguliwa Juni 2023.

Daftari lenyewe huoza lisipotunzwa. Amri ya mahakama dhidi ya mume anayepiga haifiki dawati la leseni, kwa hiyo bunduki hubaki chumbani. Mwenye leseni hufa, warithi hugawana ng'ombe na mashamba, na silaha hubaki darini kwa jina la marehemu. Afisa wa leseni akiletewa orodha ya vifo kila mwezi na kuilinganisha na daftari lake, huweza kugonga mlango kabla hajapatikana mnunuzi.