Michael Douglas: Mtoto Aliyemnyima Baba Yake Uhusika

Ndugu zangu wapenzi wa filamu, asanteni kwa kuja kwa wingi.

Mtoto wa msanii maarufu akiingia kwenye kazi ya mzazi wake, watu husema upesi: huyu kabebwa na jina. Leo nataka tumpime mmoja kwa neno hilo, mwigizaji wa Marekani Michael Douglas. Sura yake wengi wenu mnaijua. Mimi nawaletea Michael mtayarishaji, anayesaka pesa, anayeajiri watu na anayelazimika kusema hapana.

Baba yake, Kirk Douglas, alizaliwa 1916 huko Amsterdam, jimbo la New York, mtoto wa mhamiaji aliyekuwa akiokota na kuuza matambara. Alipokuwa nyota wa Hollywood, alinunua haki za riwaya ya Ken Kesey, One Flew Over the Cuckoo's Nest, inayohusu mtu mmoja mkorofi, McMurphy, ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1963 akamwigiza McMurphy jukwaani Broadway. Kisha akahangaika miaka mingi kutafuta studio ya kuitengeneza filamu. Zote zilimkatalia. Sasa niambieni, kama jina la Kirk mwenyewe lilishindwa, la mwanawe lingebeba nini?

Michael, wakati huo akiigiza polisi katika tamthilia ya televisheni, akamwomba baba yake amwachie mradi ule. Akashirikiana na Saul Zaentz, mwenye kampuni ya muziki, wakapata pesa nje ya studio kubwa. Mwongozaji wakamchukua Miloš Forman, Mcheki. Hapa pana kisa ninachokipenda sana. Miaka ya sitini Kirk alikutana na Forman huko Prague, akaahidi kumtumia kitabu hicho hicho. Alikituma kweli, lakini kikazuiwa njiani. Forman akadhani Kirk ni mtu wa ahadi za uongo. Kirk naye akamwona Forman hana adabu, hata asante hakusema. Miaka kadhaa baadaye kitabu kile kile kikamfikia Forman, safari hii kutoka kwa mtoto.

Halafu likaja jambo gumu. Kirk alikuwa bado anamtaka McMurphy wake, na umri ulikuwa umekwenda, anakaribia sitini. Uhusika akapewa Jack Nicholson, mwenye miaka 37. Fikirieni mnavyokula meza moja na mzee wako baada ya hapo! Kirk aliumia, na hakuficha. Alipata mgao wa faida, na alikuwa akisema kwamba pesa zile zilizidi alizopata kwa filamu yoyote aliyoigiza, ila angezirudisha zote kama angepewa uhusika ule. Mimi naona Michael alifanya sawa. Mtayarishaji anayegawa uhusika kwa undugu anaiua kazi kabla kamera haijawashwa.

Filamu waliipigia katika hospitali halisi ya wagonjwa wa akili mjini Salem, Oregon. Mkuu wa hospitali, Dk. Dean Brooks, akaigiza daktari, na baadhi ya wagonjwa wakapewa kazi kwenye kikosi cha utengenezaji. Ilitoka 1975. Mwaka uliofuata ikabeba Oscar zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada. Haikuwahi kutokea tangu It Happened One Night, filamu ya 1934.

Michael hakubweteka. Machi 1979 aliitoa The China Syndrome, akiitayarisha na kuigiza ndani yake, kuhusu hatari katika kinu cha nyuklia. Siku 12 baadaye ikatokea ajali ya kweli ya nyuklia huko Three Mile Island, Pennsylvania, na filamu ile ikawa gumzo la nchi nzima.

Oscar ya uigizaji aliipata 1988, kwa filamu ya Wall Street. Ile ya utayarishaji, yaani ya filamu bora, alikuwa nayo kabatini miaka 12 tayari. Kwa hiyo anayesema alibebwa na jina, naomba anyooshe mkono sasa hivi, tuanze maswali na yeye.