Acheni Kunisumbua na Mabano ya print: Mhadhara kuhusu Kuhama Python 2

Mwenyekiti, ahsante. Wenzangu, habari za saa hizi.

Walionisikia siku nyingine wanajua nitakachosema, na nimeshawaona wawili pale nyuma wakinong'onezana. Endeleeni tu. Nitaacha kulisema siku nitakapoacha kuitwa kwenye mifumo iliyohamishwa mwishoni mwa wiki, ikapigiwa makofi Jumatatu, na kufika Alhamisi ikawa inatoa majibu ambayo hakuna anayeweza kuyaeleza.

Historia mnaijua, kwa hiyo nitapita haraka. Python 3.0, toleo jipya la lugha yetu ya kuandikia programu, ilitoka tarehe 3 Desemba 2008, na Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha hiyo, na wenzake walisema wazi kwamba msimbo (yaani maandishi ya programu) wa zamani hautakwenda humo bila kuguswa. Python 2.7 ikatoka Julai 2010 kama toleo la mwisho la ukoo ule. Ilikuwa ihudumiwe hadi 2015. Watu hawakuhama, ikaongezewa miaka mitano hadi 2020. Toleo la kufungia kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili 2020. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumpa mpangaji notisi ndefu namna hiyo, na bado kuna wapangaji hawajatoa hata godoro.

Sasa, ukimwuliza mtu aliyehamisha mfumo tofauti ya Python 2 na Python 3 ni nini, jibu la kwanza ni lile lile: print, ile amri ya kuonesha maneno kwenye skrini. Zamani uliandika print "Habari", siku hizi unaandika print("Habari"). Anakueleza kwa fahari, kana kwamba amevuka bahari. Jamani! Mabano hayajawahi kumharibia mtu kazi. Ukiyasahau, Python 3 inakataa hata kuanza. Inakutajia faili na kukuonesha mstari. Hadi Python 3.13 ilikuwa vivyo hivyo ukiandika except ValueError, e badala ya except ValueError as e. Ukiita has_key kwenye kamusi, yaani data iliyopangwa kwa majina na thamani zake, programu inasimama pale pale na kukwambia kitu hicho hakipo tena. Makosa ya aina hii yana adabu, yanabisha hodi. Mimi nimekuja kuzungumzia yale yanayoingia bila hodi, na kubwa kuliko yote ni suala la maandishi na baiti.

Hapa naomba utulivu, maana ndiyo sehemu ambayo kila mtu hutikisa kichwa akidhani anaijua.

Katika Python 2, ukiandika 'abc' ulikuwa na mfuatano wa baiti, yaani namba ghafi ambazo mashine huhifadhi. Wenyewe tuliuita maandishi, lakini ulikuwa baiti tupu. Maandishi halisi, yaani herufi za Unicode, ile orodha ya herufi za lugha zote, yalikuwa aina nyingine, yale yenye u mbele: u'abc'. Ulipovichanganya viwili hivi, Python 2 haikulalamika. Ilizigeuza baiti kuwa maandishi kimyakimya, ikidhania kwamba zote ni za ASCII, yaani zile alama 128 za kwanza. Ikiwa kweli zote zilikuwa za ASCII, mambo yalikwenda. Ikitokea moja tu iliyo nje ya hizo, programu ilianguka na kosa la UnicodeDecodeError, mara nyingi mbali kabisa na mahali baiti zilipoingilia. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na kwa data nyingi za majaribio mwanaharamu alipita kweli.

Najua kuna anayejisemea moyoni: "Sisi data yetu ni ya Kiswahili. Hatuna herufi zenye vikofia wala vidoto." Kweli, herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, na ndiyo maana wengi wetu tuliandika Python 2 miaka mingi bila kuguswa. Lakini chukua neno ng’ombe. Likichapwa moja kwa moja kwa kibodi, kile kiritifaa cha katikati ni alama iliyonyooka, na iko ndani ya ASCII. Likinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ile inayojifanya kurekebisha kila kitu, kiritifaa kinakuwa kimepinda. Hicho si ASCII. Katika UTF-8, njia moja ya kuandika herufi za Unicode kama baiti, kinachukua baiti 3: e2, 80, 99. Kwa hiyo neno lenye alama 7 lina baiti 9. Iulize Python 2 urefu wa hizo baiti, itasema 9. Iambie ikate alama 4 za mwanzo ili zikae kwenye safu ya ripoti, itakupa n, g, na theluthi mbili za kiritifaa. Lichanganye na u'' yoyote, programu inaanguka ikilalamikia baiti 0xe2 katika nafasi ya 2. Mliowahi kusoma rekodi za makosa ya seva mnaijua hiyo 0xe2. Ni alama iliyopinda ya mtu aliyenakili.

Python 3 ilikata mzizi wa fitina. 'abc' sasa ni maandishi. b'abc' ni baiti. Ukijaribu kuviunganisha kwa alama ya kujumlisha, unapata TypeError papo hapo, data iwe na alama ngeni au isiwe nazo. Vizuri sana. Lakini wanaosimulia huishia hapo, na mimi ndipo ninapoanzia, kwa sababu kuna jambo ambalo Python 3 hailipigii kelele. Ukiviunganisha inakataa, ukivilinganisha haikatai. 'abc' == b'abc' haileti kosa. Jibu lake ni False, na kazi inaendelea.

Hebu tuone maana yake. Kuna taasisi moja, sitaitaja, iliyokuwa na mfumo unaopokea hali ya malipo kutoka kwenye mfumo mwingine kupitia soketi, yaani njia ya mawasiliano ya mtandao kati ya programu mbili. Mstari wenyewe ulikuwa hivi: if hali == 'IMELIPWA'. Katika Python 2, kilichotoka kwenye soketi kilikuwa baiti, na 'IMELIPWA' nayo ilikuwa baiti. Vikalingana miaka yote. Wakahama. Katika Python 3 soketi bado inatoa baiti, lakini 'IMELIPWA' iliyo kwenye msimbo sasa ni maandishi. Havilingani tena. Hakuna kosa lililojitokeza, hakuna mstari mwekundu, rekodi za seva safi. Ila tangu saa ile kila mtu akawa mdaiwa. Mfumo ukaanza kupeleka barua za kukumbusha madeni kwa watu waliokwisha kulipa, na barua zenyewe zilianza hivi: Ndugu b'Asha'. Ndiyo, herufi b na alama za kunukuu juu, kwa sababu ukizichomeka baiti ndani ya maandishi kwa %s, Python 3 haizisimbui, yaani haizigeuzi kuwa maandishi, inakuandikia jinsi zinavyoonekana kwenye msimbo.

Mnacheka. Wao hawakucheka, na Asha sidhani.

Cha kujifunza zaidi ni maneno ya kiongozi wa timu: "Lakini majaribio yote yalipita." Ni kweli, nilikaa nikayasoma. Kila jaribio lililohusu malipo lilitengeneza hali bandia kwa mkono, hali = 'IMELIPWA', ndani ya faili la majaribio. Katika Python 3 hiyo nayo ni maandishi. Kwa hiyo majaribio yalilinganisha maandishi na maandishi, yakaridhika. Hakuna hata moja lililopitisha kitu kilichotoka kwenye soketi, wala kwenye faili lililofunguliwa kwa 'rb', yaani lisomwe kama baiti. Walipima nyumba ndani, mlango hawakuugusa.

Basi dawa ni mlango. Kila mahali data inapoingilia, isimbue hapo hapo iwe maandishi, kwa decode('utf-8') au kwa usimbaji wowote ambao mwenye data amekuthibitishia. Ndani ya programu kusiwe na baiti zinazozurura zikijifanya maandishi. Inapotoka, isimbe, yaani igeuze tena iwe baiti. Mafaili nayo, yafungue ukitaja encoding='utf-8' waziwazi. Usipotaja, Python 3 huangalia mpangilio wa mashine, kwa hiyo faili linalosomeka sawasawa kwenye kompyuta yako ya Linux linaweza kusomeka kwa kichekesho kwenye Windows ya mwenzako. Na mnaweza kuanza leo, mngali ndani ya 2.7: io.open ipo humo na inapokea encoding vilevile.

Halafu kuna swichi ambayo nashangaa hamuitumii. Endesha majaribio yenu kwa python3 -bb. Ukilinganisha baiti na maandishi, au ukigeuza baiti kuwa maandishi kwa str bila kuzisimbua, inakuwa kosa, programu inasimama. Swichi hii peke yake ingemwokoa Asha na barua yake. Bila shaka inakamata tu msimbo uliopitiwa, kwa hiyo tunarudi pale pale: pitisheni data ya kweli mlangoni. Chukueni baiti za siku moja ya kazi, zihifadhini kama zilivyo, zipitisheni katika mfumo wa zamani na mfumo mpya, mlinganishe matokeo mstari kwa mstari. Ni kazi ya kuchosha. Haina njia ya mkato niijuayo, na nimeitafuta.

Naambiwa muda unakwenda. Naona. Kugawanya, basi.

7/2 katika Python 2 ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Mnaotaka tabia ya zamani mnaandika 7//2. Ikiwa jibu mlilitumia kama nafasi ndani ya orodha, mtapata kosa, maana orodha haina nafasi ya 3.5. Ikiwa mlilitumia kwenye hesabu, hamtasikia kitu, jumla itabadilika tu. Na kuna wanaojibu, "Si sasa ndiyo sahihi zaidi?" Labda. Lakini kama kurasa mlizigawa mkitegemea kwamba desimali inatupwa, usahihi huo haujawafaa kitu. Wekeni from __future__ import division juu ya kila faili mkiwa bado kwenye 2.7, faili moja moja, mkikagua kila mkwaju, yaani alama ya /, kwa macho. Mstari huo umeruhusiwa tangu Python 2.2.

Na round, ya kukadiria namba. round(2.5) ilikuwa 3.0, sasa ni 2, kwa kuwa nusu kamili inaelekezwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Kimya vilevile. Wahasibu wataiona kabla yenu.

Na map, filter, zip. Zamani zilirudisha orodha. Sasa zinarudisha kitu kinachopitiwa mara moja tu. Ukikipitia mara ya pili ni kitupu, na hakuna anayekwambia. Kitanzi cha kwanza kinahesabu, cha pili kinachapisha ukurasa mtupu. Pale mnapohitaji orodha, izungushieni list().

Kupanga orodha yenye None na namba pamoja: Python 2 iliiweka None mbele ya namba zote bila aibu. Python 3 inakataa kwa TypeError. Hili lina kelele, mtaliona, naliruka.

Kuna swali huwa linakuja na afadhali nilijibu kabla: "Si kuna programu ya 2to3 inayobadilisha msimbo yenyewe?" Ilikuwepo. Ilibadilisha mabano na majina ya zamani kama xrange na iteritems, na ilifanya hayo vizuri. Lakini programu inayosoma msimbo haiwezi kujua kama hali iliyotoka kwenye soketi mlikusudia iwe maandishi au baiti, kwa sababu ninyi wenyewe hamkuwahi kuamua. Na hata hiyo 2to3, imeondolewa katika Python 3.13. Anayeisubiri atasubiri sana.

Swali lingine: "Inafanya kazi, kwa nini tuiguse?" Ndugu yangu, sio lugha peke yake iliyoondoka. NumPy, maktaba ya hesabu (maktaba ni msimbo wa tayari wa kuazima), ya mwisho kukubali 2.7 ni 1.16. Django, ya kutengenezea tovuti, ya mwisho ni 1.11. Tangu Januari 2021 hata pip mpya, ile programu ya kusakinishia maktaba, haiendeshwi na Python 2. Tundu la usalama likigunduliwa kesho kwenye maktaba mojawapo, kiraka kitaandikwa kwa toleo ambalo ninyi hamwezi kulisakinisha. Mtakaa mnaliangalia.

Na wale wa kuandika upya mfumo mzima kutoka sifuri, wakati ule wa zamani unaendelea kupokea marekebisho kila wiki: nitawasikiliza baada ya chai. Msimbo mmoja unaweza kwenda katika matoleo yote mawili kwa kipindi cha mpito. Tangu Python 3.3 ya 2012 ile u'' ilirudishwa kwa ajili hiyo hasa, maktaba ya six, inayoziba tofauti za matoleo hayo, ipo, na mkishafika ng'ambo mnaifuta.

Nilitaka kusema juu ya pickle, njia ya Python ya kuhifadhi data kwenye faili, dakika imekwisha, nitalitupa tu: mafaili ya pickle yaliyoandikwa na Python 2 yenye maandishi ya baiti nje ya ASCII yatawagomea mkiyafungua katika Python 3, hadi mtaje encoding='latin1' au 'bytes' kulingana na kilichomo. Yageuzeni yawe JSON, muundo wa kuhifadhi data kama maandishi, mkiwa bado kwenye 2.7, wakati mashine inayoyasoma bila matatizo ingali hai. Haya, mwenyekiti, maswali.