Rakuni Darini: Kwanza Tujue Kama Kuna Watoto
Mhadhara uliotolewa Toronto kwa familia zinazozungumza Kiswahili

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, ndugu mliofika jioni hii: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie rakuni wanaoingia na kuishi katika dari za nyumba zetu hapa Toronto. Nitatanguliza jambo ambalo ndilo msingi wa yote nitakayoyasema. Kishindo mnachokisikia juu ya vichwa vyenu usiku, kati ya mwezi wa tatu na mwezi wa saba, mara nyingi ni cha jike aliyezaa au anayekaribia kuzaa. Na hatua yoyote itakayochukuliwa kabla ya kujua kama darini kuna watoto inaweza kuleta hasara kubwa kuliko ile iliyoletwa na mnyama mwenyewe.

Wengi wetu hatukumjua mnyama huyu kabla ya kuhamia Kanada, kwa hiyo nitamweleza kwa kifupi. Rakuni ni mnyama wa asili ya Amerika Kaskazini, mwenye manyoya ya kijivu, mkia wenye pete nyeusi, na utepe mweusi unaopita machoni. Mtu mzima wake huwa na uzito wa kilo 5 hadi 10 hivi, na majira ya vuli, anapojijazia mafuta ya kumpitisha katika baridi, huzidi hapo. Mikono yake ya mbele ina vidole vitano vyepesi sana vya kuhisi, kiasi kwamba hupapasa gizani na kujua ubao upi umeoza na msumari upi umelegea. Miguu yake ya nyuma inaweza kugeuka ikaelekea nyuma, na ndiyo maana huteremka mtini au kwenye kona ya ukuta wa matofali akitanguliza kichwa. Hukesha usiku na kulala mchana. Wakati wa baridi kali hajifukii usingizini moja kwa moja kama wanyama wengine, bali hujilaza kwa siku kadhaa, kisha hutoka hali ya hewa inapolegea.

Kwa asili makao yake ni uwazi ulio ndani ya mti mkubwa mzee. Mji wetu umekatwa na mabonde yenye misitu, ya mto Don na ya mto Humber, na rakuni wamekuwa humo tangu kabla ya mji. Dari ya nyumba humpa yote aliyokuwa akiyapata mtini: iko juu, ni kavu, ina giza, haifikiwi na mbwa, na zaidi ya hayo ina joto linalopanda kutoka vyumbani kwetu. Ninasema haya kwa sababu nimeona familia zikificha tatizo hili kwa aibu, zikidhani kwamba majirani watawaona wachafu. Hakuna sababu ya aibu. Huko Ujerumani, ambako mnyama huyu si wa asili, rakuni waliachiliwa mwaka 1934 karibu na ziwa Edersee katika jimbo la Hesse, na leo wakazi wa mji wa Kassel, ulio karibu na hapo, wanahangaika na dari na dohani zao kama sisi tunavyohangaika. Anachokitafuta ni tundu, na tundu huweza kutokea katika paa la nyumba safi kuliko zote.

Sasa tuje kwenye uzazi, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Rakuni hupandana mwishoni mwa majira ya baridi, mimba hudumu kiasi cha siku 63, na wengi huzaa mwezi wa nne na wa tano. Jike huzaa watoto watatu hadi watano kwa kawaida, na huwalea peke yake. Watoto huzaliwa wamefumba macho, na huanza kuyafungua wakifikia wiki ya tatu hivi. Hawawezi kupanda wala kushuka, hawawezi kujipatia joto la kutosha, na hutegemea maziwa ya mama tu. Wanapofikia wiki ya nane hadi ya kumi ndipo wanapoanza kumfuata mama nje, kwanza kwa muda mfupi, kisha usiku kucha.

Fikirini basi nini hutokea mtu anapotega mtego wa kizimba, akamnasa mama, akampakia garini na kumtupa ng'ambo ya mji. Watoto hubaki ndani ya tabaka la nyuzi za kioo linalozuia baridi, pengine mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Watalia kwa siku mbili tatu, kilio kinachofanana na cha ndege na wakati mwingine cha mtoto mchanga, kisha watanyamaza. Baada ya hapo nyumba itanuka, mainzi watashuka kupitia kwenye taa za dari, na mwenye nyumba atalipia kubomoa dari ili kuwatafuta. Mama naye ataachwa mahali asipopajua, penye rakuni wengine, hana pa kulala, na maziwa yamemjaa. Siwezi kuusemea ukatili huu kwa sauti ya chini. Na aliyeziba tundu wakati mama yuko nje akitafuta chakula atajionea mwenyewe nguvu alizonazo: atang'oa kifuniko cha tundu la hewa, atachana vigae vya lami, atafungua mahali papya palipokuwa pazima, kwa sababu watoto wake wako ndani.

Tena jambo hili si la huruma peke yake. Sheria ya Ontario ya mwaka 1997 inayohusu uhifadhi wa samaki na wanyamapori, pamoja na kanuni zake, inamruhusu mtu kulinda mali yake, lakini mnyama aliyenaswa akiwa hai anatakiwa kuachiliwa karibu, ndani ya kilomita moja ya mahali alipokamatwa. Mojawapo ya sababu za msingi ni kuzuia magonjwa yasihamishwe kutoka eneo moja hadi jingine. Na sumu isiguswe kabisa. Akija mtu mlangoni akawaahidi kuwachukua wanyama na kuwapeleka mbali mashambani, jueni kwamba ahadi yake yenyewe inavunja sheria.

Njia inayofaa huanza kwa kusikiliza. Vishindo vizito vya usiku, kana kwamba mtu anatembea juu, ni vya rakuni. Mbio za haraka za alfajiri na mchana huwa ni za kindi. Mkwaruzo mwembamba ndani ya ukuta ni wa panya. Kisha zungukeni nyumba mchana mkitazama upenuni, hasa pale paa moja linapokutana na jingine, kwenye matundu ya hewa ya paa, na kwenye dohani isiyo na kofia. Tundu linalotumika huwa na alama za mafuta na uchafu kwenye kingo zake, na manyoya yaliyonasa. Mkiwa na shaka, sokomezeni karatasi za gazeti tunduni bila kukaza: zikisukumwa usiku huo, mna mpangaji. Zikikaa bila kuguswa kwa usiku mitatu katika majira ya joto, inaelekea hakuna anayepita hapo. Katika baridi subirini zaidi, kwa maana aliye ndani anaweza kuwa amelala tu.

Mkithibitisha kuwa kuna watoto, njia ya kwanza, na kwa mwenye kuweza kuvumilia ndiyo bora, ni kusubiri. Baada ya wiki chache watoto watatembea, watatoka na mama yao, na wakati huo mlango wa kutokea tu, ambao husukumika kwenda nje wala haufunguki kurudi ndani, utamaliza kazi bila mtu kumgusa mnyama. Njia ya pili ni kumfanya mama asipapende. Jike wa rakuni huwa na makao mengine ya akiba anayoyajua, na utulivu wa dari ukivunjika huwahamisha watoto wake mmoja mmoja, akiwabeba kwa kuwauma ngozi ya shingo. Wekeni taa isiyopata joto karibu na mlango wa dari, pamoja na redio inayozungumza mfululizo, kwa sauti ya kiasi. Apewe usiku kadhaa, na usiku wa mvua au baridi usihesabiwe. Wapo wanaoshauri kumwaga amonia. Mimi ninaikataa, kwa kuwa mvuke wake unaumiza mapafu ya vichanga wasioweza kukimbia, na unashuka kwa watoto wenu waliolala chini.

Njia ya tatu ni ya fundi aliyefunzwa, na msiijaribu wenyewe. Fundi huingia darini, huwatoa watoto kwa mikono yenye glavu nzito, huwaweka ndani ya sanduku lenye joto nje, karibu na tundu, kisha hufunga mlango wa kutokea tu. Mama akitoka usiku huwakuta, na huwachukua mmoja baada ya mwingine hadi kwenye makao yake mengine. Kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni waziwazi: ukikuta watoto utafanya nini? Asiyekuwa na jibu la namna hii asipande paani kwenu.

Dari likishakuwa tupu, tundu lizibwe kwa wavu wa chuma kizito usioshika kutu, wenye macho ya sentimita moja na robo hivi, ufungwe kwa skurubu kwenye mbao nzima na uvuke kingo za tundu pande zote. Povu la kuziba nyufa rakuni hachukui muda kulichimbua, na ubao mpya uliopigiliwa juu ya ubao uliooza hung'oka pamoja nao. Kateni matawi yanayogusa paa, ingawa mnyama anayepanda bomba la maji ya mvua hatazuiwa na hilo peke yake. Pipa la kijani la mabaki ya chakula nalo lifungwe kitasa chake kila mara. Mji ulianza kugawa mapipa yenye kitasa mwaka 2016 kwa sababu ya wanyama hawa hawa.

Ninawaomba sasa mnisikilize kwa makini zaidi, hasa wenye watoto wadogo. Rakuni huchagua mahali pamoja pa kujisaidia na kuparudia, darini, kwenye sakafu ya nje ya ghorofani, au chini ya mti. Katika kinyesi chake mnaweza kuwa na mayai ya minyoo ambayo wataalamu huiita Baylisascaris procyonis. Mtu akiyameza mayai hayo, viluwiluwi vyake husafiri mwilini na vinaweza kufika machoni na kwenye ubongo. Ugonjwa huu hutokea kwa nadra, lakini ukitokea madhara yake ni makubwa mno, na aliye hatarini zaidi ni mtoto anayetia udongo mdomoni. Kinachotusaidia ni kwamba mayai huhitaji wiki mbili hadi nne nje ya mwili wa mnyama kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kilichoondolewa mapema hakina hatari ile ya kinyesi kilichokaa. Kisichotusaidia ni kwamba dawa za kuua vijidudu, pamoja na zile za klorini, haziyaui, na yanaweza kudumu udongoni kwa miaka. Kinachoyaua ni joto: maji yanayochemka. Vaeni glavu, viatu vya mpira na barakoa inayokaza vizuri. Lowesheni kinyesi kwanza ili vumbi lisiruke, kizoeni ndani ya mifuko miwili, kisha mwageni maji yanayochemka pale kilipokuwa. Darini, ambako maji hayamwagiki ovyo, tabaka lote lililochafuka litolewe na watu wenye vifaa vya kazi hiyo. Msilifagie.

Kuhusu kichaa cha mbwa, ugonjwa tuliokulia tukiuogopa kule nyumbani, hapa mnyama wa kuangaliwa si mbwa wa mtaani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2015 ugonjwa huu, wa aina inayoenezwa na rakuni, uligunduliwa Hamilton, na jimbo limekuwa likitawanya chambo zenye chanjo. Rakuni anayeonekana mchana si lazima awe mgonjwa, kwani mama anayenyonyesha hutafuta chakula saa yoyote. Anayepepesuka au asiyeogopa watu ndiye wa kukaa naye mbali, kisha mpige simu 311, namba ya huduma za mji. Lakini mji hauji kumwondoa rakuni mzima aliye katika nyumba ya mtu. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana chanjo hufanya kazi kabla ya dalili, na baada ya dalili hakuna tiba ya kutegemea.

Wengi wenu ni wapangaji. Sheria ya upangaji ya Ontario ya mwaka 2006 inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba katika hali nzuri ya kukaliwa, na paa lililotoboka ni mzigo wake. Mwandikieni, msiishie kumwambia kwa mdomo. Ambatanisheni picha na tarehe, na mtunze nakala. Katika barua hiyo hiyo mtajieni suala la watoto, ili asije akatuma mtu wa kuziba tundu mchana ule ule.

Na kwa nyumba zilizoungana ukuta, ambazo katika mji huu ni nyingi, dari mara nyingi hupakana au hata huunganika. Mkiziba upande mmoja tu, mama atavuka mbao na kutokea kwa jirani, naye jirani akiziba kwake bila kujua, watoto watakuwa wamefungiwa katikati. Kabla ya kumwita fundi, pigeni hodi kwa jirani, mweleweshane, na dari zote mbili zikaguliwe siku moja.

Ahsanteni. Sasa nakaribisha maswali.