Nusu uhai: tukokotoe sesiamu ya Chernobyl

Karibuni wanafunzi wangu. Chukueni daftari na kikokotoo chenye kitufe cha kipeo, tukokotoe pamoja.

Swali letu linatoka Chernobyl, Ukraine, ambako kinu cha nyuklia kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Udongo wa maeneo yale uliingiwa na sesiamu-137, elementi nururifu ambayo nusu uhai wake, yaani muda wa kiasi chake kupungua hadi nusu, ni miaka 30 hivi. Ikiwa udongo fulani ulikuwa na vipimo 100, mwaka 2026 vimebaki vingapi? Kilichosombwa na mvua tukiache kando.

Kikokotoo msikiguse kwanza. Andikeni hivi: 1986, vipimo 100. 2016, vipimo 50. 2046, vipimo 25. Kwa hiyo jibu letu liko kati ya 50 na 25. Wengi huiruka hatua hii, nami naithamini kuliko zote, maana ndiyo itakayokushtua ukikosea mbele.

Sasa kanuni: N = N₀ × (½)^(t ÷ T). Herufi zisikutishe: N ni kilichobaki, N₀ ni kiasi cha mwanzo, t ni muda uliopita, na T ni nusu uhai. Kile kipeo kinauliza jambo moja tu: nusu uhai zimepita ngapi? Hapa ni 40 gawanya kwa 30, yaani 1.33. Hakikisha t na T ziko katika kizio kimoja. Moja ikiwa kwa siku na nyingine kwa miaka, badilisha kabla ya kugawanya.

Bonyeza 0.5, kitufe cha kipeo, fungua mabano, 40 ÷ 30, funga mabano. Unapata 0.397. Zidisha kwa 100: vimebaki vipimo 39.7. Ukisahau mabano, utapata namba yenye sifuri 13 baada ya nukta, na yale makadirio yetu yatakuambia papo hapo kwamba umepotea.

Kosa jingine ni kudhani kila mwaka hupungua kiasi kilekile. Kwa hesabu hiyo mwaka 2046 isingebaki sesiamu hata chembe, na tumeshaona robo nzima itakuwepo. Kinachopungua kila mwaka ni sehemu ya kile kilichobaki.

Je, ukiulizwa lini vitabaki vipimo 10? Hapo t iko juu kwenye kipeo, na logi (kitufe cha log) ndiyo inayoishusha: t = T × log 0.1 ÷ log 0.5, ambapo 0.1 ni 10 ÷ 100. Juu ni −1, chini −0.301, hasi kwa hasi zinaondoka, unapata 3.32. Zidisha kwa 30: karibu miaka 100, kuelekea mwaka 2086.

Sasa zamu yenu. Iodini-131 nayo ilitoka kwenye kinu kile, na nusu uhai wake ni siku 8. Baada ya siku 80 ilibaki sehemu gani? Simamisha video, fanya bila kikokotoo. Ukipata pungufu kidogo ya moja ya elfu, umepatia.